Mistari Miwili na Jina la Mji

Daktari aliponivuta pembeni kwenye korido na kuniambia niwaite wote wanaopaswa kuitwa, nilimwelewa. Moyo wa baba ulikuwa umechoka, na miguu yake ilikuwa imevimba hata ndara hazimwingii. Shida ni kwamba wa kuitwa alikuwa mmoja tu, kaka yangu, na hatukuwa na pa kumwitia. Mama alishatangulia mbele ya haki. Waliobaki ni mimi, ambaye nilikuwa pale pale nimeshika mfuko wa dawa, na majirani, ambao hawasubiri kuitwa hata siku moja.

"Usihangaike naye," baba alisema nilipomrudisha nyumbani na kumlaza. "Nilishamwita. Akakataa."

Alisema vile kila jina la kaka lilipotajwa, kwa sauti ya karani anayekwambia dirisha limefungwa, njoo kesho. Nilizoea kumjibu kwa ukali, maana mimi nami mdomo wangu hauna breki. Siku ile nilimvutia shuka tu. Nilimtazama namna alivyogeukia ukutani, nikajua kwamba atakufa hivyo, akiamini kuwa mwanawe wa kiume alimkataa, na roho iliniuma.

Baba alifanya kazi posta maisha yake yote, katika chumba cha nyuma ambako barua huchambuliwa na kugongwa mihuri. Mtaani wanamwita Mzee Posta mpaka leo. Watoto wa wenzetu walijifunza kusoma kwa vitabu. Mimi na kaka tulijifunza kwa bahasha kuukuu. Baba aliziweka mezani baada ya chakula, akatupa lenzi yake. "Haya, someni. Mji gani? Siku gani? Asubuhi au mchana? Na hii herufi ndogo hapa chini ni ya nani?" Herufi ndogo ilikuwa ya dirisha. Kwao posta kila karani alikuwa na muhuri wenye herufi yake, ili kosa likitokea ajulikane nani wa kufokewa. Kaka alikuwa hodari kuliko mimi. Muhuri uliofifia mpaka mimi nikasema ni doa la mafuta, yeye aliusoma wote, na baba akampigapiga begani huku akinitazama mimi kwa huruma.

Kwa hiyo haikumshangaza mtu baba alipomtafutia nafasi katika chumba kile kile. Kilichowashangaza ni kwamba kaka alikaa miezi michache tu. Asubuhi moja alivua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza ya baba mbele ya makarani wote, akasema hawezi kuumaliza ujana wake akigonga mihuri juu ya habari za watu wengine. Baba aliona uso wake umepakwa matope. Jioni walirushiana maneno mpaka mama akafunga madirisha. La mwisho nililisikia kwa masikio yangu.

"Nenda unakotaka," baba alisema. "Na usiniandikie neno. Hata neno moja! Mpaka mimi nikuandikie kwanza."

"Sawa, baba," kaka alijibu.

Akaenda. Tulisikia kwamba amevuka mpaka, basi. Ukaidi aliurithi kwa baba, na mimi niliurithi kwa wote wawili.

Halafu ikaja bahasha. Anwani ya baba ilikuwa kwa mwandiko wa kaka, zile herufi zake zilizolala kama zimechoka. Ndani mlikuwa na karatasi nyeupe iliyokunjwa mara tatu, haina kitu. Mama aliigeuza, akaiinua kwenye mwanga, akainusa. Hakuna neno. Kaka alikuwa ameambiwa asiandike neno na hakuandika.

Baba hakuigusa karatasi. Alichukua bahasha na lenzi, akaketi. Stempu ilikuwa na picha ya daraja, na juu ya daraja wino mweusi: mistari miwili iliyonyooka, na katikati yake jina la mji mkubwa wa nchi ile. Chini kulikuwa na herufi mbili ndogo, mwezi na mwaka.

"Yuko mji huu," baba alisema. "Alisimama dirishani. Dirisha lenyewe hili hapa, herufi zake hizi."

"Na siku?" mama aliuliza. "Mbona hakuna siku?"

"Wameiacha. Wanabana wino."

Nani angebishana na Mzee Posta juu ya muhuri? Mama aliitikia kwa kichwa. Mimi niliona mistari ile ni mizuri, basi, nikaenda zangu.

Na baba, mwenye kiburi chote kile, hakuacha hata chai yake ipoe. Aliandika siku ile ile. Kwa kuwa hakujua nyumba wala sanduku la posta la kaka, aliandika jina lake, posta kuu ya mji ule, barua ibaki dirishani mpaka mwenyewe aje kuichukua. Alishaona watu wengi wakiishi hivyo, wasio na makazi ya kudumu, wanapita posta kuulizia. Sijui aliandika nini ndani. Najua alimwita, maana alituambia, "Nimemwita," akaenda kuoga mapema kama mtu anayetarajia wageni.

Wiki zikapita, barua ikarudi. Ilikuwa imegongwa neno moja: haikuchukuliwa.

Bahasha za kaka ziliendelea kuja, hii sasa, nyingine baada ya miezi. Kila moja karatasi tupu, kila moja mistari miwili na jina la mji. Kila ilipokuja moja baba aliandika, na kila alichoandika kilirudi kimegongwa lile neno. Alilisoma kama alivyosoma kila kitu, kwa lenzi, bila haraka, na alichokielewa ni hiki: mwanawe anafika dirishani kununua stempu, karani anamwambia kuna barua yako kutoka kwa baba yako, naye anaiacha hapo hapo, anageuka na kuondoka.

"Angenitukana ningejua la kufanya," aliniambia siku moja.

Mama alifariki katika kipindi hicho. Kisha bahasha zenyewe zikakoma. Baba alisema kaka amechoka hata kumkasirikia. Tangu hapo hakuandika tena, na lenzi akampa mtoto wa jirani achomee karatasi juani.

Mimi natengeneza fremu za picha. Nina kibanda cha kazi kati ya fundi viatu na duka la rangi, na watu wananiita Msumari. Wanadai ni kwa sababu ya kazi. Siku chache baada ya maneno ya daktari nilizichukua bahasha zote za kaka, ambazo mama alizitunza katika kabati la shuka, nikazipeleka kibandani. Nilitaka kuzipanga chini ya kioo, nizitundike mbele ya kitanda cha baba. Kama kaka hawezi kuwepo, basi hata mwandiko wake uwepo. Baba aliinua mabega tu nilipomwambia.

Nilikuwa nimezitandaza juu ya meza ya kazi, napima kadibodi, alipoingia daktari wa meno kuchukua picha yake ya harusi. Ni mteja wangu wa siku nyingi, mama mnene, mchangamfu, anayezungumza na kila mtu kana kwamba mdomo wako umejaa pamba na huwezi kumjibu. Nilijua kwamba anakusanya stempu, maana nimeshamtengenezea fremu zake kadhaa. Alipoziona bahasha zangu, picha ya harusi aliisahau.

"Wewe! Hizi umezipata wapi? Zimegongwa kabla!"

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kubandikwa, mwenzangu. Tena kwenye bahasha zake, nzima nzima! Unajua watu wanavyozitafuta?"

Nilimwambia asiniletee mambo ya vitabuni. Baba yangu ni mtu wa posta, nilimwambia, na huu ni muhuri wa dirisha, na herufi hizi ni za karani. Hakukasirika. Alivaa miwani yake ya kazini, ile yenye taa, akainama.

"Baba yako alikuwa akigonga muhuri baada ya stempu kubandikwa, si ndiyo? Basi ungeangukia nusu juu ya stempu, nusu juu ya bahasha. Sasa tazama hapa. Mstari unaishia wapi?"

Nikatazama. Mstari uliishia pale stempu ilipoishia. Karatasi ya bahasha, umbali wa unywele mmoja tu pembeni, ilikuwa safi. Nikavuta nyingine, na nyingine. Zote vile vile. Wino haukuvuka hata kwenye moja. Tulikuwa tumezikodolea macho miaka yote ile, nyumba nzima ya wasoma mihuri, na hakuna aliyeliona.

"Kampuni zinazotuma makaratasi maelfu kwa maelfu," aliendelea, furaha imemjaa, "posta ingezigonga saa ngapi? Kwa hiyo zinapewa stempu ambazo zimekwisha kugongwa. Jina ni la mji wa posta inayozipokea. Herufi hizi si za karani, ni za kampuni. Mwezi na mwaka ni pale walipozichapa. Ndiyo maana siku hakuna, wangeijuaje? Wanabandika huko huko kwenye kampuni, wanajaza magunia, lori linapeleka posta."

"Dirishani hafiki mtu?"

"Dirisha la nini? Hizi huwezi kununua moja dirishani hata ulie."

Nikaketi juu ya sanduku la misumari. Yeye aliendelea kusema maneno mawili matatu, kisha akaniona usoni, akanyamaza. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kunyamaza ndani ya kibanda kile.

Kaka hakuwahi kusimama pale. Hakuna karani aliyewahi kumwambia kuna barua yako. Kila alichokiandika baba kilikaa katika posta ambayo mwanawe hakuikanyaga, mpaka muda ukaisha kikarudishwa. Nilimweleza daktari wa meno habari yote, nikilia na kufuta pua kwa kitambaa cha kufutia vioo. Yeye akanishika mkono, akanakili zile herufi mbili nyuma ya risiti yake, akasema ana rafiki upande ule, mkusanyaji mwenzake, atamwuliza ni za nani.

Alirudi kabla wiki haijaisha, bado amevaa koti lake jeupe, amewaacha wagonjwa wakishika mashavu. Herufi ni za kiwanda cha mbegu za bustani. Kiko mbali na ule mji, lori linatembea nusu siku kufika. Wafanyakazi wanaishi huko huko, katika nyumba za kiwanda. Bado kipo. Akanipa na namba ya simu.

Nilipiga nikiwa nimesimama, maana nilikuwa nimeshaamua kwamba kaka yuko hai. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyomsema kwanza kabla ya kumsalimia. Simu ikapita mkono kwa mkono, mpaka ikamfikia mama mmoja mtu mzima, msimamizi wa chumba cha kufungia bahasha. Nikataja jina la kaka.

"Wewe ni nani kwake?" aliuliza.

"Mdogo wake."

"Pole, mwanangu," alisema, na hapo nikajua.

Kazi ya kaka ilikuwa kubandika stempu. Sikucheka wakati ule, ila ningeweza: aliyekataa kugonga mihuri alikwenda kuishi na stempu zilizogongwa tayari. Alikuwa mwepesi wa mikono, msimamizi alisema, na mcheshi, na mara chache aliomba kutia bahasha yake moja katikati ya gunia. Haikuruhusiwa, lakini walimpenda wakafumba macho. Mleta barua alipoingia uani, aliacha kazi na kutoka. Wenzake walimtania kwamba ana mchumba. Kisha homa ya mapafu ikamshika, msimu wa baridi, ikamchukua upesi. Walimzika wao.

"Mbona hamkutuambia?" Nilikuwa napiga kelele, fundi viatu akatoa kichwa nje. "Miaka yote hii! Mlishindwa kuandika barua moja?"

"Tulimwuliza, mwanangu," alisema, bila kunikasirikia. "Alipozidiwa tulimwuliza tumwandikie nani. Akasema hakuna haja. Alisema baba yake ni mtu wa posta, anasoma mihuri kama wengine wanavyosoma gazeti. 'Baba anajua nilipo,' akasema. 'Akiwa tayari ataniandikia.'"

Sikumbuki niliagana naye vipi. Nakumbuka nilichukua nyundo, nikaiweka, nikaichukua tena. Nilimkasirikia baba hata nikaona giza. Nikamkasirikia kaka, na ule utii wake wa kijinga, maana neno moja tu, jina la kiwanda, lingetosha. Halafu hasira ikaniishia, nikabaki mtupu kabisa, nikafunga kibanda mchana kweupe.

Baba alikuwa macho, ameegemea mito miwili. Njia nzima nilikuwa nimekaza roho kwamba nitamwambia yote mara moja, kama mtu anavyong'oa plasta. Lakini nilipomwona nilianza na lile zuri. Nilitaka nimwone akifurahi kidogo kwanza. Kila siku najiuliza ilikuwa akili gani ile.

"Baba, kaka hakukukataa," nilisema. "Hakuzipata barua zako. Hata moja."

Nikamweleza stempu zile ni za namna gani. Alinisikiliza kama karani, macho ameyafinya, akiuliza maswali: zinachapwa kwa mashine? Nani anahesabu magunia? Nilipofika kwenye wino usiovuka alijipiga paji la uso.

"Kwenye bahasha sikutazama!" alisema. "Karani mzima! Nimekula mshahara wa posta bure!"

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mama yupo. Akajiinua mwenyewe, bila mimi kumshika, akashusha miguu ile iliyovimba sakafuni.

"Kwa hiyo hakukataa."

"Hakukataa, baba."

"Hakujua kwamba nimemwita." Macho yalimng'aa, akaanza kupapasa kando ya kitanda. "Nipe kalamu. Hapana, simu, umesema ulipiga simu. Umeongea naye? Sauti yake ikoje? Amepata watoto? Mbona husemi, na wewe ndiye msemaji?"

Nilipiga magoti mbele yake. Nilimwambia. Nilisema neno lenyewe, alikufa, maana mengine yote yalikataa kutoka. Nilimwambia kuhusu homa ya mapafu, na kwamba ilikuwa ule mwaka bahasha zilipokoma, na kwamba wenzake walimzika kwa heshima.

Alikaa vile vile, mkono mmoja bado juu ya meza ndogo ukitafuta kalamu.

"Alisema kitu?" aliuliza. "Juu yangu?"

Ningeweza kusema sijui. Mtu mwingine angesema hivyo. Lakini kaka alikuwa ameacha ujumbe mmoja tu duniani, wa mdomo, na mwenye kuupokea alikuwa mbele yangu.

"Alisema unajua alipo," nilisema. "Alikuwa anakungoja umwandikie."

Baba hakulia mara moja. Alinitazama muda mrefu, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kunikumbuka. Kisha uso wake ukavunjika wote, akalia kwa sauti nisiyoijua, nami nikaikumbatia miguu yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Nilikuwa nimekuja kumtua mzigo.

Aliponyamaza chumba kilikuwa na joto, na nje mtu alikuwa anafagia.

"Ungeniachia yule," baba alisema.

"Yupi, baba?"

"Yule aliyenikasirikia. Yule alikuwa hai."

Nikamsaidia kuinua miguu, mmoja mmoja, nikamlaza.